Baruti ya Baba Yake Mzee Orville

Columbus, Ohio
Jumatatu, 9 Machi 2015

Mpendwa mdogo wangu Zenoni,

Amani ya Bwana iwe nanyi hapo Riverside. Wifi yangu Béatrice hajambo? Kikohozi cha mwanenu Irakoze kimepoa? Mimi namshukuru Mungu, ila mguu bado unavimba nikisimama sana. Mama kule Louisville anaendelea vizuri. Amepata kanisa la jirani na ameshaingia kwaya.

Nakuandikia kwa sababu wiki nzima sasa hupokei simu yangu.

Mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa na hasira, nami nilikuelewa. Wakubwa wa ghala lenu kumfukuza mwenzako Leopoldi baada ya mashine kumkata vidole, kisha kuwatisha wote waliotia sahihi ya kuunda chama cha wafanyakazi, ni dhuluma. Wewe ndiye uliyezikusanya sahihi hizo, na ninajivunia. Lakini uliposema, "Dada, hawa hawasikii karatasi, wanasikia moto," niliogopa.

Jumanne iliyopita nilikwenda kazini na mzigo huo moyoni. Unamjua Mzee Orville, yule ninayemhudumia nyumbani kwake, mwenye miaka tisini na saba. Nilikuwa namnyoa, akaona nimesahau wembe hewani. Akaniuliza, nikamweleza yote. Naye akanisimulia yake, hata povu likamkaukia shavuni.

Kumbe baba yake alikuwa kiongozi wa chama kwenye machimbo ya makaa ya mawe, West Virginia. Mwaka 1925 waligoma. Kampuni ikawatoa kwenye nyumba zake, wakahamia mahemani, watoto wakafa kwa baridi. Aliposema mahema nikatukumbuka sisi, kule kambi ya wakimbizi. Basi baba yake akachukua baruti, akalipua mashine ya kupandishia makaa, Jumapili saa ya ibada, akijua hakuna mtu ndani.

"Alikuwemo mlinzi," mzee akaniambia. "Aliingia kujikinga na mvua. Mtoto wake nilikaa naye dawati moja."

Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena habari za wale watoto waliokufa. Askari walikuja na bunduki, mgomo ukavunjika, wanaume kumi na wawili wakafungwa. Baba yake alifia gerezani. Mzee akanishika kiganja, akasema, "Mwambie ndugu yako, baba yangu alikuwa na haki mpaka asubuhi ile."

Zenoni, jana Béatrice alinipigia akilia. Amekuta madumu mawili ya petroli chini ya ngazi, na gari lenu hii ni wiki ya pili liko gereji. Usimgombeze kwa kuniambia. Wanaosafisha ghala lile mwisho wa wiki ni wakimbizi wenzetu. Bahizire yumo, na mkewe ni mjamzito. Kazi ile ulimtafutia wewe.

Mama sijamwambia kitu.

Nimeomba ruhusa, nitafika kwa basi Jumamosi asubuhi. Ukipata barua hii, yatoe madumu hayo nyumbani siku hiyo hiyo. Jumatatu tutakwenda sote kwa mwanasheria, Leopoldi akaonyeshe mkono wake. Na kama barua imechelewa, ikakukuta umeshalitenda, mdogo wangu, usikimbie. Nisubiri.

Nisalimie Béatrice, mbusu Irakoze, mpe pole Leopoldi. Rafiki yetu Nestori wa Shively anawasalimu. Mungu aliyetuvusha Mto Malagarasi tukiwa wadogo na auzuie mkono wako.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Florida