Chupa Iliyorudi Nzito

Chumba cha juu, mlango wa bluu,
Nyuma ya duka la vyombo.
Jumapili, nguo zikiwa kambani.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo! Shikamoo tena, maana moja haitoshi kwa umbali huu. Hujambo? Goti linaendeleaje, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku wazima kabisa, tunakula, tunalala, tunacheka. Mume wangu anakuamkia. Yuko hapa pembeni anapiga pasi shati lake mwenyewe, Shangazi, mwenyewe! Nikimwangalia nasahau nilichotaka kuandika.

Ndoa ni tamu. Wewe uliniambia ni kazi, mama akaniambia ni uvumilivu, lakini hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kusikia funguo mlangoni na moyo ukaruka kama amekuja mgeni wa heshima. Nacheka peke yangu nikiosha vyombo. Jirani wa chini ameshaniuliza huwa naongea na nani.

Kazi yangu bado ni pale pale dukani, ila sasa nimewekwa upande wa vyombo vya vinywaji. Ungeviona, Shangazi! Kuna kisahani cha umeme, unaweka kikombe juu yake na chai haipoi hata ukinogewa na maongezi, kwa hiyo nakiona kama kimetengenezwa kwa ajili yako. Kuna vikombe vya chuma vyenye mfuniko, ukivipindua kichwa chini havitoi hata tone. Kuna boksi la barafu lenye magurudumu, unaliburuta kama sanduku la safari. Mimi ndiye ninayewaeleza wateja, nasema mpaka koo linakauka: chupa hii ina kuta mbili, katikati hamna kitu, hata hewa imenyonywa, kwa hiyo joto halina pa kupita. La ndani halitoki, la nje haliingii. Tajiri wetu anasema nikiendelea hivi nitamuuzia hata yeye.

Lakini dukani kote hakuna chupa ya kuishinda ile uliyotuzawadia siku ya harusi. Leo nakuandikia hasa kwa sababu yake, maana nusura initoe roho.

Mume wangu, kama unavyojua, ni dereva wa kreni. Asubuhi anapanda kwenye kile kibanda cha vioo juu ya jengo linalojengwa, na kwa kuwa ngazi ni ndefu, hashuki mpaka jioni. Hata chakula anakula huko huko. Nikajiambia, mume wangu hatakunywa chai iliyopoa. Nikawa naamka alfajiri, napika chai ya maziwa na tangawizi, nasuuza chupa kwa maji ya moto kwanza ili isiibe joto, kisha naijaza mpaka shingoni. Anaipokea kwa mikono miwili, ananibusu kwenye paji la uso, huyooo.

Jioni chupa inarudi nzito. Imejaa vile vile, ukiifungua, mvuke! "Leo kazi zilibana, mpenzi," anasema. Kesho yake zimebana. Keshokutwa zimebana. Shangazi, kazi gani hiyo isiyomwachia mtu nafasi ya kumeza hata funda moja?

Nikaongeza sukari. Nikapunguza. Nikatoa tangawizi, nikatia hiliki. Mwenzangu wa dukani, yule tunayemwita Pilipili kwa ulimi wake, ndiye aliyenimaliza: "Mwanamume hakai na kiu kutwa nzima, bibi harusi. Kuna mahali anakunywa." Nilicheka mbele yake, kisha nikaingia stoo nikalia katikati ya maboksi ya friji. Hata pete sijaizoea kidoleni, na tayari mume wangu hataki chai yangu!

Juzi Ijumaa akaisahau chupa mezani. Nilikuwa na zamu ya mchana, nikaibeba mwenyewe mpaka saiti. Kusema kweli nilikwenda na jicho pia, nione kama getini kuna mama chai mrembo. Hakuwepo. Nilimkuta msimamizi wao, mzee mnene mcheshi. Akanivika kofia ngumu kichwani, akanyanyua redio ya mkononi wanayoongelea na walio juu, akanikonyeza.

"Mawinguni," akaita, maana ndivyo wanavyomwita mume wangu, "pole, leo naona chai ya shemeji umeiacha nyumbani."

Redio ikakwaruza, kisha sauti ya mume wangu ikatoka wazi mbele ya mafundi wote:

"Afadhali, mzee! Humu ndani ni tanuri, hivi vioo vinanichoma mpaka nywele. Nikinywa ile chai mtanishusha kwa ndoano. Lakini jamani, mtu asije akamwambia mke wangu. Anaamka alfajiri kunipikia. Hata kuimwaga nashindwa. Nitamwagaje kitu kilichopikwa kwa moyo namna ile?"

Shangazi, kutwa nasimama dukani kuwaambia watu kwamba chupa ni ya moto na ya baridi pia, na haikuwahi kunijia kwamba mume wangu anashinda juani ndani ya vioo! Kwangu mimi mapenzi yalikuwa lazima yatoe mvuke.

Nikaomba ile redio. "Mume wangu," nikasema, "mkeo yuko huku chini. Na amesikia."

Ndoano ya kreni ikabaki inaning'inia hewani. Mafundi wakaangua kicheko, mmoja akapiga kelele, "Shemeji, mwache ashuke kwanza! Ukimgombeza huko huko atatuangushia matofali!"

Siku hiyo alishuka saa ya chakula, jambo asilofanya kamwe. Shati limeloa kama amenyeshewa, macho chini.

"Niliogopa utadhani sikutaki," akasema.

"Na mimi ndivyo nilivyodhani!"

Tukabaki tunatazamana kama watoto walioshikwa wakilamba sukari. Tukapatana hapo hapo, nyuma ya mifuko ya saruji: kitu kikimkera atasema, na mimi sitanuna.

Jana nikasuuza chupa kwa maji ya baridi, nikaijaza maji ya ndimu na barafu. Jioni ikarudi nyepesi. Nikaitikisa, tupu! Nikataka kumrukia shingoni, lakini yeye akasimama mlangoni, akakohoa, akavua kofia kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu.

"Mke wangu, ilikuwa baridi safi. Ila... ndimu ilizidi. Meno yote yaliniuma."

Shangazi, nilimkumbatia mpaka tukagonga kabati! Sijawahi kufurahia kulalamikiwa namna ile.

Nisalimie mzee wako na binamu zangu wote, hasa kitindamimba wenu, umpige busu la shavuni kwa niaba yangu. Mola awape afya, riziki na usingizi mwema, na atukutanishe tukiwa na cha kucheka.

Ni mimi mwanao, nikupendaye bila kupoa,
Chiriku