Kwa Papa, Juu ya Ndoa Niliyofungia Bagira

Papa wangu,

Tangu walipokuzika kijijini Nyangezi, kando ya kaburi la mama yako, sijakuandikia hata mstari mmoja. Nilidhani mtu aliyetumia maisha yake ofisini, akiandika vizazi, ndoa na vifo vya watu wa Bagira, angeona ni upuuzi kumwandikia marehemu. Lakini kesho Mapendo, binti wa mdogo wako, tonton Cirhuza, anaolewa hapa Ubelgiji, katika mji huu ninaoishi, na siku hizi nimekuwa nikibishana nawe kichwani kila ninapoosha vyombo. Bora nikae chini nikuandikie.

Mapendo alinitumia barua kutoka Bukavu akiuliza swali lile lile lililotunyima amani nyumbani kwetu. "Dada, nifunge ndoa wapi? Niolewe huku, halafu niombe viza kama bibi ya mutu, ao nikuje kwanza niolewe kule?" Nilisoma barua hiyo nikiwa nimesimama, na bado nimevaa koti la baridi. Nikajiona tena kwenye ile nyumba yetu ya Bagira, juu ya mji wa Bukavu, wewe umekaa kwenye kiti chako karibu na dirisha.

Unakumbuka jinsi mambo yalivyoanza. Bisimwa, mchumba wangu, alikuwa amekuja huku kwa masomo, na alipomaliza akapata kazi katika maabara ya hospitali. Wazee wake walikuwa wameshaleta ng'ombe wa kwanza Nyangezi, kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikanywewa, shangazi wakaimba. Kwa mila nilikuwa nimeshikwa. Kwa serikali nilikuwa bado binti asiye na bwana. Bisimwa akaandika kwamba mambo ni mepesi: niombe viza ya matembezi, nifike, tuandikishwe katika ofisi ya mji kabla viza haijaisha. Yeye mwenyewe aliogopa kutoka. Karatasi yake ya ukaaji ilikuwa inabadilishwa, na walimwambia kwamba akivuka mpaka kabla ya kupata mpya, huenda asiruhusiwe kurudi. Kazi ingepotea, na mimi ningebaki na mchumba asiye na kitu.

Mama alikuwa upande wake. Namwona hadi leo, amekaa uani na sinia la sambaza, dagaa wa ziwani, mapajani, anazisafisha bila kuzitazama. "Mwache aende," alikuambia. "Bana ya batu banalilia hiyo nafasi, weye unamufungia mulango."

Ulijibu neno moja tu. "Ataolewa hapa."

Hukueleza. Ulivaa koti lako la abacost, lile la serikali lisilovaliwa na tai, ukashuka kwenda kazini. Nami nikajieleza mwenyewe kwa ubaya: kwamba unaogopa maneno ya watu wa parokia, kwamba unataka picha ya kuning'iniza ukutani, kwamba ng'ombe wasipofuatwa na harusi utaonekana umeuza mtoto kwa barua. Nilipita karibu nawe kwa wiki nyingi nikisema "ndiyo, Papa" na "hapana, Papa" tu.

Kisha Jumapili moja baada ya misa, mdogo wako tonton Cirhuza akaja na ufumbuzi wake. Mama alikuwa amemwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, lakini hakugusa kwanza.

"Kaka, kitabu ya ndoa iko mu mikono yako," alisema. "Andika kama Bisimwa alikuwa hapa. Muhuri uko nayo, shahidi niko miye. Mutoto atapata karatasi yake ya ndoa, ataomba viza kama bibi ya mutu, mambo itaisha. Nani atajua?"

Ukamwuliza: "Nani alisema ndiyo?"

"Nini?"

"Mutu asipokuwa hapa, nani alisema ndiyo? Batu banakuja kuniomba hiyo kitu, nabakatalia. Siwezi kukatalia bana yao, halafu niandikie wangu."

Tonton alinawa mikono bila kula, akaondoka. Mama akakusanya sahani. "Basi mutoto azeekee hapa," alisema, "juu ya kitabu yako." Uliinamisha kichwa. Sikuwahi kukuona ukiinamisha kichwa mbele ya Mama kabla ya siku ile, na hasira yangu ikapungua kidogo bila mimi kutaka.

Nadhani maneno yale ya Mama ndiyo yaliyokufanya uniombe, siku chache baadaye, nikusindikize mjini kununua viatu. Viatu vilikuwa kisingizio. Tulirudi kwa miguu, ingawa basi lilikuwapo, na tulipofika pale mlima unapoanza ulisimama kupumzika. Ziwa lilikuwa chini yetu, jeupe kwa mwanga wa mchana. Ulianza kuongea bila kunitazama.

Ulinisimulia juu ya msichana mmoja, jina hukulitaja. Alikuja kuolewa mbele yenu akiwa amevaa vizuri, amezungukwa na familia mbili. Mkuu wa zone, yule anayefungisha ndoa za serikali, akamwuliza kama anakubali. Msichana akasema hapana. Aliisema polepole, mkuu akadhani hakusikia vizuri, akamwuliza tena. Hapana. Ndugu wa bwana arusi wakaanza kelele. Shangazi mmoja wa msichana akainuka kwenye benchi, akavua kitenge chake cha juu, akamfunika nacho mabegani, akamshika mkono, wakatoka. Walirudi nyumbani kwa miguu, na jioni ile msichana alikula kwa mama yake kama siku zote.

"Nilifunga kitabu," ulisema, "na hakuna mutu alimufanya kitu."

Nikakuambia: "Lakini mimi nampenda Bisimwa, Papa. Sitasema hapana."

"Najua."

"Sasa unaogopa nini?"

Hapo ndipo uliponitazama. "Bisimwa ni kijana muzuri. Siko naogopa Bisimwa. Niko naogopa ile siku. Utakuwa mu nyumba yake, unakula chakula yake, viza inaisha kesho kutwa. Haujui mutu, haujui njia. Banakuuliza kama unakubali. Hata ukiona kitu imeharibika, utasema je hapana? Ukiisema, utalala wapi? Ndiyo ya mutu mwenye hawezi kusema hapana, mwanangu, haiko ndiyo. Miye nasikia bibi arusi wengi. Najua sauti zao."

Tukapanda mlima hadi nyumbani. Papa, nilikuwa na shule nyingi kuliko wewe, na nilikuwa nimelifikiria jambo lile kwa miezi: viza ipi inatoka haraka, ubalozi unapenda nini, nauli italipwa na nani. Swali lako halikuwa limenijia hata mara moja.

Nikamwandikia Bisimwa kwamba nitaolewa Bagira au nitangoja. Nilimweleza sababu kwa maneno yako, kwa kuwa sikuwa na mengine bora. Alinyamaza msimu mzima wa mvua. Mama hakunilaumu, lakini kila mtu wa posta alipopita alitoka nje kabla yangu. Ilipofika mwanzo wa kiangazi barua ikaja, fupi: karatasi yake mpya imetoka, anakuja. Mwishoni alikuwa ameongeza: "Mwambie Papa nimekasirika, halafu nimeelewa."

Alipita Kigali, akavuka daraja la Ruzizi na sanduku moja, na kesho yake akatokea kwetu akiwa amevaa suti ya Ubelgiji na tai nyekundu. Ulicheka hadi ukakohoa. Nchi nzima watu walikuwa wamekatazwa tai, naye alikuwa amesahau. "Unataka tuandikishe ndoa ao tukutembelee mu cachot ya polisi?" ulimwuliza. Ukamvika abacost yako ya kahawia. Mikono ya koti ilimwishia juu ya vifundo vya mkono, na hivyo ndivyo alivyo katika picha zote, kama kijana aliyekua usiku mmoja.

Siku ile hukukaa mahali pako pa kazi. Ulimpa mwenzako kalamu, ukakaa kwenye benchi la familia, katikati ya Mama na tonton Cirhuza, aliyekuwa amerudi kula kwetu. Mkuu wa zone akauliza, akituita raia kwa Kifaransa kama serikali ilivyotaka: "Citoyenne Nsimire, unakubali citoyen Bisimwa akuwe bwana yako?"

Sikujibu papo hapo. Watu baadaye walisema niliona haya. Haikuwa haya. Nilikuwa naangalia kama ni kweli. Niliona mlango uko wazi, njia ya kwetu iko pale nje, shangazi zangu wamekaa na vitenge vyao mabegani. Nilimwona Bisimwa akinitazama, na macho yake hayakunisukuma. Alingoja. Ndipo nikasema ndiyo, na niliisikia sauti yangu mwenyewe, nikaijua.

Uliandika katika barua zako za baadaye kwamba siku ile uliandikisha ndoa yangu. Si kweli, aliandika mwenzako. Wewe ulilia.

Siwezi kusema uamuzi wako ulikuwa rahisi kwetu. Bisimwa alirudi kazini baada ya likizo yake, nami nikabaki Bagira, mke wa mtu anayelala kwa wazazi wake. Ukaja ule mtihani wa majina. Kwenye cheti cha ubatizo nilikuwa Béatrice. Kwenye kitambulisho, baada ya serikali kutunyang'anya majina ya wazungu, nilikuwa Nsimire Nabintu. Ubalozi wa Ubelgiji kule Kinshasa ukaandika kuuliza kama hawa ni wanawake wawili. Ulitafuta mashahidi, ukatafuta muhuri, ukakopa nafasi kwenye ndege ya mizigo ili nikajieleze mwenyewe. Afisa aliniuliza kwa Kifaransa kwa nini sikumfuata mchumba wangu moja kwa moja, ingekuwa haraka zaidi. Nikamjibu kwamba baba yangu alitaka kuwapo. Hakuuliza tena. Sikuwa na Kifaransa cha kumweleza yaliyobaki.

Lakini katika kungoja kule Baraka alizaliwa. Likizo ya Bisimwa haikupita bure, kama Mama alivyopenda kusema mbele ya wageni ili kuniaibisha. Ulimwandika mjukuu wako kitabuni kwa mkono wako, na ukamwita "muzee" kabla hajaota jino. Ulimbeba asubuhi ukimwonyesha ziwa, ukamwambia habari za ofisi kama mtu mzima. Viza ilipotoka, alikuwa ameanza kukutambaa magotini. Kule uwanja wa ndege wa Kavumu ulimshika hadi walipoita abiria, kisha ukamkabidhi kwa Mama, Mama akanikabidhi mimi. Hukuweza kunipa wewe mwenyewe. Nilikuelewa.

Mara nyingi nimejiuliza: kama ningefanya alivyotaka Bisimwa mwanzoni, ningekosa nini? Ndoa yetu ingekuwa ile ile, labda. Ni mtu mwema, ulisema kweli. Tungepata karibu miaka miwili zaidi pamoja. Hiyo ni hasara, Papa, na sitaki kukuficha: kuna siku niliihesabu juu yako. Lakini tunapogombana, na tunagombana, hajawahi kuniambia kwamba nilikuja hapa kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Hawezi. Alikuwapo, akaniona nimesimama mbele ya mlango ulio wazi.

Na ulipougua, karatasi yangu mimi ndiyo iliyokuwa inabadilishwa. Waliniambia maneno yale yale: ukitoka, huenda usirudi. Baraka alikuwa ameanza shule, wa pili alikuwa ananyonya. Telegramu ya Mama ilifika umeshazikwa. Bisimwa aliketi nami sakafuni jikoni hadi kukapambazuka, wala hakusema kwamba sasa ninaelewa alichokiogopa. Angeweza kusema.

Kwa hiyo Mapendo aliponiuliza aolewe wapi, sikumjibu Bagira wala Ubelgiji. Nilimwandikia yale uliyoniambia pale mlimani, yote, nikamwachia. Alifikiri, akachagua kuja. Ndugu wa mchumba wake hawana nauli, Bukavu siku hizi askari wanapora maduka, ofisi zinafungwa bila kusema zitafunguliwa lini. Siwezi kumlaumu. Nchi aliyoiacha si ile uliyokuwa ukiandikia vitabu vyake. Amefika na viza fupi na kitenge kimoja cha mama yake. Tonton Cirhuza aliniandikia: "Wewe njo familia yake kule. Hakuna mwingine."

Nimekutana na kijana atakayemwoa. Ni mpole, anaongea haraka, anamsikiliza Mapendo akiongea. Nampenda. Hata hivyo jana nilimwita Mapendo kwangu, nikamwonyesha chumba kidogo cha nyuma, nimemtandikia kitanda, nimemwekea taulo. Akaniuliza ni cha mgeni gani. Nikamwambia ni chake, kesho na siku nyingine yoyote, akitaka. Akakaa juu ya kitanda kile akakijaribu, kama mtu anayejaribu kiatu.

Kesho nitakaa benchi la mbele, Papa. Nitavaa vitenge viwili, cha juu kiwe rahisi kuvuliwa.

Binti yako uliyemngoja ajibu,
Nsimire