Wanakiimba, Hawakisomi

Jumatatu, 12 Mei 2025
Nimekifunga kitabu makusudi, watoto wakaendelea "kusoma" – ukurasa mzima, bila kosa! Nikaandika ubaoni neno moja kutoka humo humo: kuku. Hakuna aliyeweza kulisoma. Gredi ya pili nzima! Wiki iliyopita nilikabidhiwa darasa hili nikaambiwa, Mwalimu Cherotich, una bahati, hawa ni hodari. Kumbe wanakiimba kitabu kama kaswida.

Jumatano, 14 Mei
Nimeanza na sauti. Ba, be, bi. Mwalimu Mkuu, Bwana Ndirangu, amechungulia dirishani. Baadaye akaniambia kuna mtu wa tathmini anakuja kutoka ofisi ya elimu ya Faza mwezi ujao, kitabu kile wanakijua, niwaache nacho. Nikasema hawakijui. Akacheka.

Jumanne, 27 Mei
Bi Hafswa, mamake Swafiya, amekuja shuleni amekasirika. "Mwanangu akisoma kitabu kizima. Sasa kila siku ba, be, bi. Mwamrejesha nyuma?" Nimemweleza, hakutosheka. Na Swafiya mwenyewe, aliyekuwa akiimba kwa sauti kuliko wote, sasa hafungui mdomo. Ananitazama tu. Je, kama nimemharibu? Mungu wangu.

Alhamisi, 12 Juni
Tathmini. Gredi ya tatu wameimba kitabu chao, makofi! Wangu nikaomba wapewe hadithi wasiyoijua. Ujinga wangu. Walisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, wengine wakakwama kabisa. Halafu Swafiya. N… nji… a. Akainua uso. "Ndia!"
Amesoma! Kwao njia ndivyo inavyoitwa – ndia. Yule mama wa tathmini akaweka alama ya kosa.
Nikasema, madam, amesoma, tena ameelewa.
"Imeandikwa njia, Mwalimu."
Swafiya akaketi. Hakulia. Afadhali angelia.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeondolewa. Kuanzia Jumatatu mimi ni wa hesabu, gredi ya sita. Wangu watachukuliwa na Bwana Jabez wa gredi ya tatu, "ili wafanane na wenzao." Nimebishana, nimesihi, mwisho nikapayuka – nipe muhula mmoja tu! Bwana Ndirangu akasema wazazi wamelalamika, matokeo ni mabaya, na mimi ni nani? Nimelia chooni kama msichana wa bweni. Nataka kurudi Kericho. Sitaki kumwona mtoto yeyote akishika kitabu.

Jumatatu, 16 Juni
Gredi ya sita wanafanya zoezi, ndiyo maana naandika saa hizi. Kupitia ukutani nasikia wangu wanaimba tena. Nimeziba masikio.

Swafiya yuko mlangoni! Ametoroka darasani, kitabu kifuani – si kile, ni kingine, sijui amekipata wapi. Nimemwambia rudi, utaadhibiwa. Hasikii. Amekuja mpaka mezani.
"Teacha, hichi kijiti hapa yuu ni cha nini?"
Kidole kiko kwenye neno ng'ombe, kwenye kile kialama baada ya ng. Hatukuwa tumefika hapo! Nikamuuliza, na hapa juu pameandikwa nini? Akanisomea. Polepole, mstari kwa mstari, akipumua kwa nguvu, mpaka kwenye kile kijiti. Gredi ya sita wote wameacha kalamu.

Bwana Ndirangu anakatiza uwanja, anakuja huku. Anaita jina langu. Swafiya hajaondoa kidole, bado anangoja jibu –