Levye Niliyosema ni Yangu

Jumamosi. Mvua imekatika saa nne, lakini huku kwetu Kadutu matope bado yanafika mpaka mlangoni. Nimerudi na viatu mkononi na sijali.

Trakta imetembea leo.

Kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza: nimenunua trakta ya zamani, kubwa kuliko mimi kwa umri, kwenye shamba la kahawa lililoachwa kule Kalehe. Itaenda kulima mpunga Luberizi. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu wote. Ukweli ni kwamba niliinunua kwa ajili ya Papa, baba yangu. Ameendesha trakta za mashamba maisha yake yote, na tangu apooze upande wa kushoto anashinda kwenye kiti sebuleni, anaangalia ukuta. Hata redio haombi tena. Niliogopa nitampoteza hivyo hivyo, amekaa.

Shida ilikuwa ambreyaji, ile pedali ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto kabla ya kubadilisha gia. Mguu wake hauna nguvu hiyo. Na nani atamwambia Papa usoni kwamba mguu wake umeshindwa? Si mimi. Basi nikamwomba Tonton Déo, fundi wetu, aiunganishe pedali na levye, ile fimbo ya chuma ya kuvuta kwa mkono, aliyoitoa kwenye breki ya kamyoneti iliyokufa. Papa nikamdanganya: levye ni yangu, mimi mfupi, mguu haufiki. Tuliiweka kushoto, kwa sababu mimi ni mtu wa kushoto, na uongo nao unataka kupangwa vizuri.

Mkono wake wa kushoto sikuufikiria. Nilikuwa namwona anashika kikombe, nikasema unatosha.

Leo, kwenye uwanja wa fundi, Papa akapanda eti "kuijaribia mutoto". Tulimsukuma kwa nyuma huku anatugombeza. Akawasha mashine, akavuta levye. Haikuja. Akavuta tena, vidole vikateleza, nikaona jasho shingoni mwake. Nilitaka kulia. Nikajifanya nasafisha miwani.

Akajifuta vidole kwenye suruali. Halafu akamwita fundi kwa ile sauti yake ya zamani ya kazini:

"Déo, hii levye umeiweka mubaya. Ipeleke kuume. Huyu mutoto wangu anatumikishaga mukono wa kuume."

Tonton Déo akaniangalia.

"Ni vile kabisa, Papa," nikasema.

Saa tisa levye ilikuwa imehamia kuume. Akaivuta, ikakamata kwenye meno yake, akaingiza gia, akaiachia polepole. Alizunguka uwanja mara tatu bila kutuangalia. Tulipomwambia ashuke akazunguka mara ya nne.

Na huyu ndiye Papa aliyemaliza utoto wangu wote akininyang'anya kijiko kwenye mkono wa kushoto.

Kesho nitamwomba anifundishe kuendesha. Nitashika levye kwa mkono wa kuume.