Swali Ulilowauliza Kule Ruiru

Mama,

Bado nakuita hivyo. Ulibeba jina la mama yangu, na hata ulipokuwa daktari wa utafiti, binti mwenye haraka zake, kwangu ulibaki mama. Tangu tukuzike, mtaa wetu wa Ngoingwa umejaa maghorofa. Jua la asubuhi sasa linachelewa kufika mlangoni. Mimi natembea na fimbo hadi langoni, narudi nikihema.

Saratani imefika kwenye ini. Kaka yako Kamau alitaka kuitisha harambee kanisani ninunuliwe sindano mpya. "Baba, imethibitishwa! Si wewe ulifundisha hizo takwimu?"

Nilizifundisha, ndiyo, pale chuoni Juja, hadi nikastaafu. Ndiyo sababu kuna jambo nataka kukiri kabla sijakufuata.

Siku ile Ruiru, mlipotangaza matokeo ya dawa ya magoti, nilikuja kupiga makofi. Nilikuwa nimeyasoma: yamepita mtihani wa takwimu, nikaridhika. Wakubwa wako walikuwa wameleta keki. Ukasimama ukasema wagonjwa mliowapima walikuwa wengi kiasi kwamba hata tofauti ndogo kabisa ingejitokeza. "Kama dawa haifanyi kitu, matokeo haya yangekuwa nadra. Mtihani unasema hilo tu. Sasa niambieni, ni mgonjwa gani ameanza kupanda ngazi bila kushika ukuta?"

Mmoja akanung'unika, "Daktari, keki imeshakatwa."

"Basi tuile kama keki. Tusiile kama ushahidi."

Watu walicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu, nawe ukadhani umeniaibisha. Hapana, Mama. Nilikuwa naona fahari. Mwalimu mzima, nilikuwa nimeona matokeo yamepita mtihani nikamsahau mgonjwa. Wewe ulimwona. Nami sikukuambia; nilidhani muda upo.

Juzi, hapa Thika, nilimuuliza daktari anayenitibu swali lako: hiyo tofauti ni kubwa kiasi gani? Ni kijana mkweli. "Mzee, ni nyongeza ya wiki chache tu za kuishi, kwa wastani. Na nyingi utazimaliza ukitapika."

Kamau alilia garini. Kisha akapangusa uso, akaniuliza ningependa kula nini. Nikasema mukimo wa viazi na mahindi, na usiwe wa hoteli.

Harambee haitakuwepo. Sitakuficha, naogopa. Lakini nimechagua nikijua ninachochagua, na ujuzi huo sikuupata kwenye vitabu vyangu. Niliupata kwako.

Jumapili Kamau analeta wanawe. Nakuahidi nitawaambia, nikiwa bado na sauti, kwamba shangazi yao alimpita babu yao mbele ya watu, na babu akafurahi kupitwa.

Pumzika, Mama.

Baba yako