Ombi la Koku Nyumbani kwa Wifi

Jumanne, baada ya rozari

Eti uvivu! Ndivyo wifi alivyoniambia kwenye simu: "Mwanao si mgonjwa, ni mvivu tu. Mwili wote ule, ataumwa nini?"

Leo nimempeleka Koku wangu hospitali, Kayanga. Wamempima, damu imepungua sana. Nikashangaa, "Dada, mtoto mnene hivi?" Muuguzi akasema unene haujazi damu, wazazi wengi wanadanganyika hapo. Nilipomweleza kuwa Koku anaishi kwa shangazi yake, akamgeukia: "Kwa shangazi unakula nini, mama?"

Koku akainamisha kichwa. "Ndizi na chai. Maharage na nyama ni vya wenzangu. Shangazi anasema mimi nimeshanenepa, niwaachie waliokonda."

Nilitaka kupiga yowe. Mtoto anakaa kwake kwa ajili ya shule, mimi kila mwezi natuma maharage kutoka Rugu, naye...

Amelala sasa, hapa pembeni yangu. Viganja vimepauka. Vidonge ameanza, ila naogopa nimechelewa. Kwa wifi harudi tena.

Kesho jumuiya yao inasali nyumbani kwake, nami nitakwenda. Ukifika wakati wa maombi nitasema taratibu, kwa heshima zote: "Tumwombee Koku, aliyepungukiwa damu katika nyumba hii kwa kunyimwa maharage ya mama yake." Majirani wote wataitikia "twakuomba utusikie", na mwenye nyumba itambidi aitikie nao.

Ee Bwana, usinilainishe moyo kabla ya kesho jioni.