Jiwe, Saruji na Kompyuta ya Gloria

Jumatatu, 8 Novemba 2004

Barua ya Gloria imefika, kaileta kondakta wa basi la Mwanza. Nusu ukurasa! Likizo hii anaomba abaki hukohuko Mwanza anakosoma, kwa mama yake mdogo, Shida. Sababu: binamu yake Dastan ana kompyuta, wanacheza gemu ya magari. Bariadi, anasema, hakuna cha kufanya. Miaka kumi na mitano tu na tayari Bariadi imemshinda.

Tangu mama yake afariki, huu mwaka wa tatu, likizo zake zinapungua. Wiki nne. Wiki mbili. Sasa hakuna.

Nimejibu palepale, kondakta ananiharakisha: Njoo, mwanangu. Kompyuta ya gemu ipo hapa nyumbani.

Haipo. Mungu wangu, nimemdanganya mtoto! Nina wiki nne za kuugeuza uongo uwe kweli.

Jumatano, 10 Novemba

Mwalimu Elia wa fizikia kaniandikia orodha. Prosesa ya Pentium 3, mazabodi yake, RAM, diski, kioo, pawa saplai ya kuvilisha vyote umeme. Na kadi ya picha – hiyo kaipigia mstari mara mbili. Bila hiyo, anasema, magari yatatembea kama ng'ombe mgonjwa. Nikamwambia usinifundishe, mimi fundi redio. Akacheka, akaniambia redio haina gemu.

Orodha nimeinakili humu, kwenye daftari la mizani la chama cha ushirika. Safu bado zipo: jina la mkulima, kijiji, kilo. Miaka kumi na minne nilikuwa karani wa mizani. Ah, zile siku! Msimu ukifunguliwa, magunia ya pamba yanapangwa hadi barabarani, kina mama wameyakalia, watoto vichwa vyeupe kwa nyuzi. Nikiinua gunia, mkono unajua kilo kabla ya mzani. Halafu wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mzani wake. Chama kikalala. Mimi nikaambiwa asante, nikashika bisibisi.

Napakumbuka sana pale. Sina wa kumwambia, basi naandika.

Ijumaa, 12 Novemba

Dukani kwa Tajudin. Anauza vipuri vya redio, na sasa mitumba ya kompyuta. Yuko kwenye mfungo, midomo imemkauka, maneno hayajakauka hata kidogo. "Karibu Mzee Mizani!" Tumekubaliana nitamlipa kwa kazi: kuna redio kibao zimelala stoo kwake, nizifufue.

Nikachagua kimoja kimoja, nikikipima mkononi. Kioo kizito – safi. Kasha zito – safi. Kadi ya picha nyepesi kama kitambulisho! Nikasita. Nikakumbuka mistari miwili ya Elia, nikaichukua kwa shingo upande.

Pawa saplai zilikuwa mbili. Moja imetumika, ina vumbi, nyepesi. Nyingine mpya, ndani ya boksi, nzito ajabu! Tajudin akasema ile ya vumbi ilitoka kwenye ofisi moja Mwanza, haijawahi kusumbua. Nikamwambia, Tajudin, mimi ndiye nimepima pamba ya nusu ya wilaya hii. Kizito ndicho chenye kitu ndani.

Nikabeba kizito.

Jumapili, 14 Novemba

Idi leo, watoto wa jirani wamevaa vizuri. Nimetoka kanisani moja kwa moja mezani. Nimefunga kila skrubu. Nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Ikafanya "tap", harufu ya kuungua. Nikaifungua ile pawa saplai. Ndani: waya nne nyembamba, ubao mdogo kama kiganja, na bonge la saruji! Saruji, jamani, limegandishwa pembeni kwa gundi. Kizito ndicho chenye kitu ndani – ndiyo, kitu kimo.

Mimi! Niliyekuwa natia mkono kwenye gunia hadi begani kutafuta mchanga! Nimetukana peke yangu. Halafu nimecheka hadi machozi, halafu yakawa machozi kweli.

Maana nilimpata Felisita, mama yake Gloria, hivihivi. Mwaka 1984, Mwamapalala. Binti kaleta gunia la baba yake. Nikaliinua, mkono ukakataa. Nikazamisha mkono, nikatoa jiwe, limefungwa kwa kitambaa cha kanga. Watu wote wanatazama. Nikajua atalia. Wapi! Akanikazia macho: "Hilo jiwe ni letu. Nirudishie." Nilitakiwa nimpeleke kwa katibu wa chama. Sikumpeleka. Jiwe nikakataa kumpa. Jumapili iliyofuata kalifuata hadi nyumbani kwangu, na dada yake Shida nyuma kama shahidi.

Ndilo linalozuia mlango wa sebule hadi leo. Gloria amejikwaa hapo tangu anajifunza kutembea. Sijawahi kumwambia. Mama yake alikuwa anaona aibu, na alipoondoka nikawa siwezi kulitamka jina lake.

Alhamisi, 18 Novemba

Duka limefungwa. Tajudin kaenda Tabora kwa wazazi wake kula Idi. Anarudi lini? Mkewe, Zamda, hajui.

Alhamisi, 25 Novemba

Bado.

Jumanne, 30 Novemba

Karudi! Nikamwekea bonge la saruji juu ya kaunta, bila salamu. Akaligeuza, akaligeuza. Akaapa naye kauziwa hivyohivyo, nikamwamini, maana uso ulimshuka. Akanipa ile ya vumbi. Nyepesi. Nikaichukua bila kuipima.

Alhamisi, 2 Desemba

IMEWAKA. Elia kaja na sidii ya gemu. Nimeendesha gari jekundu, nikaingia ukutani mara tisa. Elia anasema ninashika gari kama jembe. Sijali!

Jumamosi, 4 Desemba

Kaja. Kawa mrefu, kawa Felisita mtupu, hadi namna ya kushusha begi. Begi lenyewe dogo. Akasema mapema, akitazama pembeni: tiketi ya kurudi Mwanza anayo, ya Jumatatu asubuhi. Nikasema sawa. Si sawa hata kidogo.

Akacheza dakika ishirini. Akapiga kelele, akacheka, akaniita nione. Halafu umeme ukakatika. Saa tisa alasiri! Akatoka nje ya chumba, akajikwaa kwenye jiwe, akasonya. Akaona na bonge la saruji nimeliweka kando ya jiwe.

"Baba, haya mawe ya nini?"

Nikaanza na saruji, kwa sababu ni rahisi. Akacheka hadi akaketi sakafuni. Nikaingia Mwamapalala. Nikafika kwenye gunia, nikalitoa jiwe, watu wote wanatazama. Nikamwambia weka chai kwanza.

Naandika haraka wakati yuko jikoni. Umeme umerudi, balbu imewaka, feni ya jirani inavuma. Naye kaona umerudi. Kapita na vikombe viwili mbele ya mlango wa chumba chenye kompyuta, hakugeuka. Kaja kukaa hapa, mbele yangu, miguu juu ya jiwe.

"Enhe, baba. Ukalitoa jiwe, watu wote wanatazama. Halafu mama akasema nini?"